Mlango Uliompiga Mama

Uwanja wa Maonyesho,
Upande wa geti la nyuma,
Karavani la Mama.

Jumapili, tarehe 14 Aprili.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko vumbi la uwanja huu, na vumbi la hapa si mchezo. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yako aliyekuwa aking'oka meno, yameota mengine au bado anacheka na pengo? Kile kifua chako je, baridi ya huko imekiachia? Nijibu ukweli, usiniandikie "mzima" tu kama unavyomwandikia kila mtu.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mgongo wangu unanisumbua kwa kuinama kukata vitambaa, lakini huo ni mgongo wangu na tumeshazoeana. Shemeji yako yupo, anakula, anakoroma, anatoa mawaidha. Mama naye ni mzima, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Kwenye simu nisingeweza. Ningeanza kupiga kelele, wewe ungesema mtandao mbaya na kukata. Nakujua.

Nianze na lililo zito. Mama hana ugonjwa wa akili. Hana, na hakuwa nao, na nikimsikia mtu yeyote wa ukoo huu akilisema tena neno hilo nitamjibu jibu asilolipenda. Sasa tulia nikusimulie, na usinirukie mistari.

Unajua maisha yetu tangu utuletee hili karavani. Tunalivuta kwa pikapu kutoka uwanja hadi uwanja, tunaliegesha, tunachomeka waya kwenye nguzo ya umeme ya uwanja, Mama anafungua dirisha na kukaa kwenye cherehani yake kushona sare za shule. Mimi nakata, shemeji yako anapiga pasi na kuongea. Kila tunakokwenda wanamjua, wazazi wanauliza "Mama Sare amefika?" kabla hatujashusha hata ngazi. Hiyo ndiyo raha ya uzee wake, na ameipata kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa tulifika msimu ulipoanza. Tukapewa kona ya nyuma, jirani na nguzo, nami nikashukuru kwa sababu waya wetu si mrefu. Ile nguzo ungeiona ungetapika. Kisanduku chake kimeliwa na kutu, mfuniko hakuna, wamefunga mfuko wa plastiki kwa kamba. Ndani nyigu wamejenga. Soketi moja imeungua mpaka imekuwa rangi ya kahawa, nyingine imelegea inachezacheza, na pale chini yake wanaume wasio na haya wanajisaidia haja ndogo. Pua yako inapokea mkojo na plastiki iliyoungua kwa mkupuo mmoja. Ptuu! Hapo ndipo tulipoichomeka nyumba ya mama yetu.

Hazikupita siku nyingi Mama akaanza. "Huu mlango unanipiga," akasema. Hakusema unabana wala unakwama. Unanipiga. Shemeji yako akamuuliza kama mlango na yeye wana ugomvi, tukacheka. Kesho yake akasema tena. Shemeji yako akaenda, akashika kitasa, akaufungua na kuufunga mbele yake kwa mbwembwe za muuza milango, akamwambia, "Mama, mbona mpole huyu?" Hata mimi niliushika. Kweli, sikuona kitu.

Basi ikawa ndiyo hadithi ya kila siku. Akisema mkono umeingia ganzi, tunasema ni cherehani. Akisema moyo unamwenda mbio, tunasema apunguze chai. Akawa anafungua mlango kwa kipande cha kitambaa, na watu wakaanza kutazamana. Zahanati walimpa vidonge vya neva na kumwambia apumzike. Siku hizi mtu mzima akilalamika, dawa yake ni kutajiwa umri.

Kisha akaanguka. Nilisikia kishindo asubuhi nikakuta amelala chali chini ya ngazi, ndoo imepinduka kando yake, anatweta, anasema mlango umemtupa. Nyonga ilivimba ikawa ngumu kama ubao. Namshukuru Mungu haikuvunjika. Hapo sasa ndipo Kaka Mkubwa alipokamata usukani. Akakupigia wewe, mkashauriana wanaume wawili, mmoja yuko kwake na mwingine yuko mbali, mkahitimisha kwamba akili za Mama zimeanza kuhama. Mkaamua ahamie chumba cha uani kwa Kaka Mkubwa, cherehani asiiguse tena, karavani litafutiwe mteja. Na mteja akapatikana haraka ajabu, utadhani alikuwa amejificha nyuma ya pazia akisubiri kuitwa. Jumamosi waje na gari kumchukua.

Mama akasema, "Sawa."

Mdogo wangu, hilo ndilo lililonitisha. Lini Mama alisema sawa? Mama huyu huyu aliyemrudisha mwalimu mkuu mlangoni kwa sababu alikuja kuchukua sare bila salamu? Akaacha kabisa kuutaja mlango. Akawa anagawa vitu vyake. Ule mkasi mkubwa, ambao tukiugusa utotoni tulikuwa tunachapwa, aliniwekea mapajani akasema hatauhitaji tena. Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Nilikuwa natoka kwenye mabafu ya uwanja, taulo begani na sabuni mkononi, ndala yangu ikakatikia kwenye tope. Nikazitupa zote mbili kwa hasira nikaja peku. Nikasimama chini ya ngazi, nikashika kitasa.

Mungu wangu wee! Mkono ulikakamaa mpaka begani, meno yakagongana, nikajikuta nimekaa kwenye tope, taulo huku, sabuni kule. Wala sikulia. Nilibaki pale naangalia kile kitasa, nikasema kwa sauti, peke yangu: mlango umenipiga.

Ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu ya kufunika uso. Unaijua sheria ya Mama, viatu nje, zulia lake halikanyagwi na kiatu hata cha waziri. Sasa sisi huku tunamwibia. Mimi na shemeji yako tunapanda ngazi na ndala zetu za mpira, tunafungua mlango, tunazivua ndani upesi na kuzisukuma chini ya kochi kabla hajageuka. Mama peke yake ndiye anayevua chini, kwenye udongo, ambao kila asubuhi huumwagia maji ili vumbi litulie. Anavipanga viatu vyake vizuri, anasimama peku kwenye maji, anashika chuma. Wavunja sheria wote tulikuwa salama juu ya mpira wetu. Aliyekuwa akipigwa ni yule mmoja aliyeifuata.

Nilimwambia Mama kupitia dirisha asishuke wala asiguse mlango. Nikavaa buti za shemeji yako, nikachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani inayowaka penye umeme. Nikaigusisha kitasani, ikawaka. Nikaigusisha kwenye ngazi, ikawaka. Hata kile chuma cha mbele tunachofungia kwenye pikapu kiliwaka. Nyumba nzima ilikuwa umeme mtupu, na sisi tunakula na kulala ndani yake tunamwambia mwenzetu anazeeka.

Nikaenda nguzoni nikachomoa waya. Plagi ikabaki mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza nikaitazama. Uliyotuletea wewe ilikuwa na pini tatu, si ndiyo? Niliyoshika ilikuwa na mbili. Ya tatu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, tena kwa ustadi, kisha kibutu chake kikapigwa tupa kisije kikamchubua mtu vidole. Shemeji yako anajali sana vidole vya watu.

Nikamwita. Unajua alivyonijibu? Bila hata chembe ya haya, huku anakoroga chai, akasema soketi za hapa zina matundu mawili, sasa nilitaka afanyeje, alale gizani? Na kwamba hiyo pini ya tatu watu wa huko wameiweka kwa urembo tu, kwani taa haziwaki? Taa zinawaka, bwana. Mpaka mlango unawaka. Huyu ndiye mnayemwita Profesa! Ninyi ndio mliompa hilo jina mkamharibu, mimi nilimwoa akiwa dereva wa kawaida mwenye akili zake.

Najua, najua, mimi ndiye niliyeolewa. Niache na hasira zangu.

Kelele zetu zikamleta jirani, yule mama muuza vyombo ambaye karavani lake limechomekwa kwenye nguzo hiyo hiyo. Akasimama na buti zake za mpira za kufika magotini, ambazo siku zote nilidhani ni mtindo wake wa kuvaa. Akasema ah, hiyo nguzo tangu msimu uliopita inapiga watu, ndiyo maana yeye havui buti hizi hata jua likiwaka. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema alidhani tunajua. Mdogo wangu, mwanamke huyu tunaazimana chumvi, tunaazimana mwiko, kila asubuhi ananisimulia ndoto zake mwanzo mpaka mwisho. Na alimwona Mama akianguka. Alikuja kumpa pole na ndizi.

Sasa ngoja nifike kwa msimamizi wa uwanja, na hapa uvumilie lugha yangu. Nilimkuta ofisini kwake, feni inampuliza, kijiti kinacheza mdomoni, miguu juu ya kiti cha wageni. Nikamweleza yote, mpaka kuanguka kwa Mama. Alinisikiliza bila kushusha miguu. Akauliza, "Kwani kuna mtu amekufa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Basi! Halafu kwa wema wake akaniambia atatuhamishia kona nyingine yenye nguzo nzuri, ila nisiende kutangaza, kwa sababu kona yetu tayari kuna watu wa kuipokea wiki ijayo, familia yenye watoto. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikatoka nje. Nimemwona mtu anayejua kabisa, anayeweza kuwahesabu watoto hao wakiingia getini, na kinachomsumbua ni nisije kutangaza. Nimetangaza. Nimepita banda kwa banda na testa mkononi, na waliokuwa wamechomeka pale wote wamechomoa. Jana nguzo ilizimwa na msimamizi hanisalimii, nami nashukuru.

Fundi wa umeme alikuja Ijumaa. Akalala chini ya karavani akatoka na masizi usoni, akanionyesha waya uliosuguana na chuma cha fremu katika safari zetu zote mpaka ngozi yake ikachubuka na shaba ikagusa bodi. Akasema hilo hutokea, ndiyo maana kuna pini ya tatu: ni njia ya kuupeleka umeme uliopotea ardhini, na ukienda huko swichi kuu inakata yenyewe. Sisi hatukuwa na njia, kwa hiyo umeme ukamsubiri Mama aufikishe ardhini kwa miguu yake. Kisha akafungua nguzo. Ule waya wa kijani wa kwenda ardhini ulikuwepo, lakini mkia wake ulikuwa umekunjwa tu ndani ya kisanduku, umezungushiwa karatasi ya peremende, haujafungwa popote. Kwa hiyo hata Profesa angeiacha pini yake, tungepigwa vile vile. La kuvunda halina ubani.

Kwa kuwa uliandika kwamba unatafuta karavani la pili la kutuma lije kukodishwa, nakuomba uyashike haya, usije ukamuua mama wa mtu mwingine. Usinunue kwa kuangalia mapazia na rangi, mlaze fundi chini yake kwanza aupapase kila waya. Kaa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kikakuonyesha kwa taa kama nyaya zimegeuzwa au hakuna waya wa ardhini. Huku ni adimu, kwenu najua vipo, tuletee na sisi. Lifunge gadi ya umeme, ile inayokata umeme ukija mwingi au ukidhoofika, maana umeme dhaifu ndio ulioua friji yetu mwaka jana tukasingizia friji. Na swichi ya kukata upesi umeme ukianza kuvuja, hiyo usiiruke hata ukiambiwa nini. Waya wa kurefushia uwe mnene, na ukiutumia uukunjue wote. Ule wetu wa ndani, shemeji yako alikuwa anauacha umeviringwa chini ya kitanda cha Mama, nikaushika siku moja una joto kama pasi, sikuelewa.

Sisi sasa tuna utaratibu. Tukifika uwanjani hakuna kuchomeka kwa pupa. Tunazima kila kitu ndani, tunapima soketi kabla ya kuiamini, tunachomeka, kisha naigusisha testa kwenye bodi mwenyewe, sio Profesa. Ndipo tunawasha, na Mama anapanda wa mwisho. Soketi ikiwa mbovu tunatumia taa ya betri na Mama anazungusha cherehani kwa mkono, na msimamizi anune. Chini ya ngazi tumeweka ubao mkavu. Viatu vinavuliwa hapo hapo na watu wote.

Jumamosi Kaka Mkubwa alikuja, na mteja wake nyuma, ameshika utepe wa kupimia madirisha. Nilimwekea Kaka ile plagi kiganjani nikamsimulia. Aliigeuza, akaigeuza, akasema hata hivyo umri nao umekwenda, na chumba kimeshapakwa rangi. Kabla sijafungua mdomo Mama alishuka mwenyewe, taratibu kwa sababu ya nyonga, akamwendea mteja akamwambia, "Baba, umepotea njia. Hapa hakuna kinachouzwa ila sare." Yule bwana akakunja utepe wake. Kaka Mkubwa alikunywa chai yetu akarudi na gari tupu, na mkasi nimeurudisha kwenye droo ya mwenyewe.

Ungedhani Mama alipiga vigelegele. Hata. Alhamisi ile nilipoingia na tope langu nikamwambia mlango umenipiga na mimi, alinishika mkono akaupapasa mpaka begani, akauliza, "Kweli? Hata wewe?" Nikamwambia kweli, Mama. Akalia. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaamini."

Sasa lile ambalo nisingeliweza kwenye simu. Siku Kaka Mkubwa alipokupigia, alikuwa amesimama hapa nje, chini ya dirisha, na simu ameiweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake unayajua. Ulisema, "Mtoeni huko kabla hajatuaibisha mbele za watu." Nilikuwa ndani nakata. Cherehani ya Mama ilisimama. Kisha ikaendelea. Hajawahi kuniambia kwamba alisikia, na akijua nimekuandikia hili atanuna mwezi mzima. Bado mtoto yeyote akija kupimwa sare, Mama anamwambia ana kijana wake mbali, mwenye akili sana, aliyemletea nyumba.

Nakuchukia kidogo, mdogo wangu, na nimeshindwa kukuchukia zaidi ya hapo. Mpigie simu. Usimuulize habari za karavani, hizo nimekupa zote. Muulize habari zake. Na akikwambia kuna kitu kinamuuma, usimtajie miaka yake. Muulize wapi.

Mbusu binti yako, msalimie wifi yangu umwambie sare ya mtoto naishona mwenyewe. Profesa anakusalimu, nimemruhusu mstari huu mmoja. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe masikio kabla hajakupa mali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.